Wanatushawishi vipi wanaoandika dhidi ya vyakula vya haraka?

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uanahabari hapa Nairobi. Tumepewa kazi ya kuchambua mbinu za ushawishi za waandishi wanaokosoa biashara ya vyakula vya haraka, kisha kila mmoja aandike makala yake kuhusu jiji letu. Nimesoma kitabu cha *Fast Food Nation* cha Eric Schlosser, mwanahabari Mmarekani, na nikatazama filamu ya *Super Size Me*. Baadaye sikutaka hata kuona chipsi, lakini sikuweza kueleza nilifikishwaje hapo. Mwenzangu anasema yote hayo ni propaganda, na kwamba nikitumia hoja, hisia na uaminifu tulivyofundishwa darasani nitakuwa nimemaliza kazi. Je, ni kweli? Na nikiandika kuhusu Nairobi nianzie wapi? (Msomaji, Umoja)

Jibu: Dada, sijambo. Mwenzako ana nusu ya ukweli. Zile nguzo tatu za Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yaani hoja, hisia na uaminifu wa msemaji, zinafaa maandishi yote ya ushawishi, na kwa sababu hiyo hiyo hazitoshi. Zinafaa mahubiri, zinafaa hotuba ya kampeni, zinafaa hata tangazo la kuku wa kukaanga. Ukiishia hapo utajaza kurasa kwa kubandika majina pembeni mwa aya, na mhadhiri wako hatajua unafikiri nini. Nakuomba uongeze swali moja kwa kila aya unayosoma: hapa mwandishi ananitazamisha nani? Mlaji? Mwenye kampuni? Kijana anayekaanga? Mkulima? Na nani ameachwa nje ya macho yangu? Mimi naamini swali hilo ndilo linaloonyesha nani ameandika vizuri na nani amepiga kelele tu.

Anza na Upton Sinclair, mwandishi Mmarekani, maana wote waliofuata wanapita katika njia aliyoifungua. Mwaka 1904 alikaa wiki saba kati ya wafanyakazi wa viwanda vya nyama vya Chicago, na mwaka 1906 riwaya yake *The Jungle* ikatoka kama kitabu. Sinclair alikuwa msoshalisti. Alitaka Wamarekani wamwone mhamiaji kutoka Lithuania anavyovunjwa na kazi: saa nyingi, ujira kiduchu, majeraha, nyumba anayonyang'anywa. Lakini ndani ya riwaya mlikuwa na kurasa chache kuhusu nyama iliyooza, panya, na uchafu unaoishia ndani ya soseji. Kurasa hizo ndizo zilizowasha moto. Tarehe 30 Juni mwaka huo huo Rais Theodore Roosevelt alitia sahihi sheria mbili, moja ya ukaguzi wa nyama na nyingine ya usafi wa vyakula na dawa. Mfanyakazi hakupata sheria yake. Sinclair mwenyewe alisema baadaye kwamba aliulenga moyo wa umma, na kwa bahati mbaya akaupiga tumboni.

Kauli hiyo inaeleza kilichokupata wewe na chipsi. Kinyaa ni silaha kali kuliko zote katika uandishi huu, kwa kuwa hakingoji hoja. Msomaji hukunja uso kabla hajaamua kama anakubaliana na mwandishi. Lakini kina kasoro zake. Kwanza humrudisha msomaji kwake mwenyewe: nimekula nini? Wanangu wamekula nini? Mtu aliyeshikwa na hofu hiyo hana nafasi ya kuuliza kama mchinjaji bado ana vidole vyote. Pili, kinyaa hutulizwa upesi. Kampuni ikisafisha sakafu, ikaleta mkaguzi na muhuri, wateja wanarudi, na ujira wa mfanyakazi uko pale pale.

Tuliyaona hayo hapa nyumbani Julai 2019, NTV iliporusha uchunguzi wake kuhusu nyama ya madukani inayotiwa kemikali, sodiamu metabisalfaiti, ili ionekane mbichi. Kazi ile ilikuwa ya lazima na naiheshimu sana. Watu waliokuwa wakinunua nyama bila kuuliza walianza kuuliza. Lakini kumbuka mazungumzo yalivyokwenda, katika matatu, kazini, kwenye simu: tulizungumzia saratani, figo na maini yetu. Ni mara chache mno niliposikia mtu akiuliza habari za vijana wanaosimama nyuma ya kaunta hizo kutwa nzima.

Katika mji kama wetu kinyaa kina ubaya mwingine, nao unaniuma zaidi: humwangukia mnyonge. Habari kwamba vibanda hukaanga chipsi kwa mafuta yaliyoibwa kwenye transfoma imezunguka Nairobi kwa miaka. Wizi wa mafuta hayo ni wa kweli na umeleta hasara kubwa. Lakini sikiliza habari hiyo inavyosimuliwa mara nyingi: hakuna sampuli iliyopimwa, hakuna mtaalamu anayetajwa, hakuna kibanda kinachojulikana. Kuna taswira moja tu, ya karai jeusi kando ya barabara, na taswira hiyo inatosha kuwahukumu akina mama na vijana wote wanaokaanga kuanzia Gikomba hadi Kayole. Mkahawa wenye vigae vyeupe na taa nzuri, ambao nao unauza mafuta na chumvi, hauguswi, kwa sababu macho hayaoni uchafu. Ukitegemea kinyaa peke yake, utajikuta umemwandikia tajiri tangazo bila kukusudia.

Sasa tuje kwa Schlosser, maana hapo ndipo penye shule. Alianza kwa kuandika katika jarida la *Rolling Stone* mwaka 1998, na kitabu kikatoka 2001. Tazama kwanza anavyojipatia imani yako. Katika utangulizi anasema kwamba alipokuwa akifanya utafiti alikula vyakula hivi kwa wingi, na vingi vilikuwa vitamu. Msomaji anayependa chipsi angekifunga kitabu kama angeitwa mjinga mapema hivyo. Anapokubaliwa kwamba ulimi wake haudanganyi, anaendelea kusoma.

Kisha anafanya jambo ambalo waandishi wengi wenye hasira hawaliwezi: anakufanya umpende mfanyabiashara. Anakueleza habari za Carl Karcher, mwanzilishi wa mikahawa ya Carl's Jr., kijana aliyeacha shule mapema, ambaye mwaka 1941 alinunua mkokoteni wa kuuzia soseji mjini Los Angeles. Bei ilikuwa dola 326. Dola 311 alizikopa kwa kuweka gari lake rehani, na 15 zilitoka kwa mkewe Margaret. Mkenya yeyote aliyewahi kununua smoki pasua stendi anamwelewa mtu huyo mara moja. Ukishampenda Karcher, huwezi tena kudhani kwamba mwandishi anachukia watu waliofanikiwa, na hasira yako inapokuja inaelekea kwenye mfumo uliokua kutokana na mikokoteni kama ile.

Takwimu zake nazo zina ufundi. Anasema Wamarekani walitumia takriban dola bilioni 6 kwa vyakula vya haraka mwaka 1970, na zaidi ya bilioni 110 mwaka 2000. Angeachia hapo, msomaji angeona sifuri nyingi tu. Lakini anaendelea kusema kwamba fedha hizo ni nyingi kuliko wanazotumia kwa elimu ya juu, au kwa kompyuta, au kwa magari mapya. Hapo ndipo tarakimu inapouma, kwa sababu imewekwa kando ya kitu ambacho msomaji anakithamini. Ukiandika kuhusu Nairobi, bei ya sahani ya chipsi peke yake haitamgusa mtu. Iweke kando ya malipo ya siku ya anayezikaanga.

Sura ninayoipenda zaidi ni ile ya ladha ya chipsi, na ningefurahi ukiipa sehemu kubwa ya uchambuzi wako. Hadi mwaka 1990 McDonald's walikuwa wakikaanga chipsi zao katika mchanganyiko ambao asilimia 93 yake ilikuwa mafuta ya ng'ombe. Walipolaumiwa kuhusu kolesteroli wakahamia mafuta ya mimea. Swali la Schlosser ni dogo mno: ladha ya zamani ilibakije? Anafuata maneno mawili kwenye maelezo ya kampuni yenyewe, "ladha asilia", hadi New Jersey, kwenye kiwanda cha International Flavors & Fragrances, kampuni inayotengeneza ladha na manukato. Huko anapewa vijikaratasi vyembamba vilivyochovywa manukato. Anafumba macho, ananusa, na puani mwake kuna nyama inayochomwa. Anafumbua macho: ni karatasi nyeupe tu, na mtaalamu wa ladha anatabasamu.

Tafuta katika kurasa hizo neno la laana. Anaandika kama mtu aliyestaajabu, anakaribia kuwasifu mafundi wale, na msomaji ndiye anayefika peke yake kwenye swali: kumbe ninachokitamani ni kitu gani? Hasira aliyoifikia msomaji mwenyewe hudumu kuliko hasira aliyoamriwa. Na maneno yale mawili hayakuwa madogo. Mwaka huo huo wa 2001 Wahindu na watu wasiokula nyama walifungua kesi mjini Seattle, kwa kuwa ladha hiyo ilikuwa na asili ya ng'ombe, na mwaka 2002 kampuni iliomba radhi na kukubali kulipa dola milioni 10. Kusoma maandishi ya kampuni neno kwa neno ni mbinu ya balagha, yaani ufundi wa kushawishi kwa maneno, kama zilivyo takriri na tashtiti, na sijui kwa nini hatuifundishi zaidi.

Ukifungua yaliyomo utaona ufundi mwingine ambao wasomaji wengi hawautambui, nao ni mpangilio. Sura ya majeraha ya wafanyakazi wa machinjio inatangulia sura ya bakteria waliomo katika nyama. Kwa hiyo unamwona kwanza mtu anayesimama kwenye mkanda wa nyama unaokwenda kasi, kisu mkononi. Unamsikia mmoja wao aliyeitumikia kampuni kwa uaminifu mkubwa, hata akaupinga muungano wa wafanyakazi, akaumia mara kwa mara, kisha akafutwa kazi. Ni shahidi mwenye nguvu kwa sababu hakuwa adui wa kampuni. Baada ya hapo ndipo unapoelezwa kuhusu bakteria wa E. coli na kinyesi kinachomwagikia nyama. Kasi ile ile ya mkanda inayokata mikono ndiyo inayochafua nyama. Kinyaa kinapofika kinamkuta mfanyakazi amekwisha kukaa kichwani mwako, na huwezi kuogopea tumbo lako bila kumkumbuka. Kilichomponyoka Sinclair, Schlosser alikishika kwa kupanga sura tu.

*Super Size Me* ya mwaka 2004 ni kitu kingine. Mtengenezaji wake, Morgan Spurlock, alikula vyakula vya McDonald's pekee kwa siku 30 na akaongezeka takriban kilo 11. Mwili wake ulikuwa ndio hoja, hisia na ushahidi kwa pamoja, na mtazamaji hahitaji digrii ili kuona shati linavyobana. Lakini hakuna binadamu wa kawaida anayekula hivyo, na mwaka 2017 Spurlock mwenyewe aliandika kwamba kwa miaka 30 hakuwahi kukaa bila pombe zaidi ya wiki moja. Maswali kuhusu matokeo ya ini lake yalianza hapo na hayajaisha. Hoja iliyowekwa juu ya mwili mmoja huyumba mwili huo unapoyumba.

Kwangu mimi kuna tatizo kubwa zaidi: kamera inamtazama mlaji kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukimtazamisha msomaji mlaji pekee, umempa mpinzani wako jibu fupi, nalo ni "basi usile". Biashara hii imelitumia jibu hilo kwa ustadi. Vijana wa New York walipowashtaki McDonald's mwaka 2002 kwa unene wao, jaji aliitupa kesi mwaka uliofuata, na Machi 2004 Bunge la Wawakilishi la Marekani lilipitisha mswada wa kuzuia kesi za namna hiyo, wenye jina lililobeba wajibu wa mtu binafsi. Mswada haukuwa sheria, lakini lugha yake ilishinda. Hata hapa Nairobi utaisikia: kila mtu ajichagulie. Mwambie hivyo kibarua wa Industrial Area anayerudi saa mbili usiku kwenye chumba kimoja, gesi imeisha na maji ni ya mtungi wa kununua. Amepiga hesabu yake vizuri kabisa aliponunua chipsi za mtaani. Makala inayomkaripia mtu huyo siwezi kuipa alama.

Je, ni propaganda? Kipimo changu ni kama msomaji ameachiwa njia ya kuhakiki na ya kukataa. Kuna kesi inayofundisha jambo hili kuliko kitabu chochote. Mwaka 1986 kikundi kidogo cha wanaharakati mjini London kilichapisha kijikaratasi cha kuwashutumu McDonald's. Kampuni iliwashtaki, na wawili kati yao, Helen Steel na David Morris, wakakataa kuomba radhi na kujitetea bila mawakili wa kulipwa. Hukumu ya Juni 1997 ilisema ni kweli kwamba kampuni iliwatumia watoto vibaya kupitia matangazo, iliwajibika kwa ukatili kwa baadhi ya wanyama, na ililipa ujira mdogo. Lakini madai mengine, yakiwemo ya njaa katika nchi maskini na uharibifu wa misitu ya mvua, hayakuthibitishwa, na wawili hao wakaamriwa kulipa pauni 60,000, zikapunguzwa baadaye kuwa 40,000. Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza haikuwapa haki katika kesi hiyo. Nawaheshimu sana kwa ujasiri wao. Hata hivyo kijikaratasi kile kilisema kila jambo kwa sauti moja, lililothibitika na lisilothibitika, na mpinzani alipolipata lililo dhaifu alilitumia kulitilia shaka lililo imara. Chuku inapendeza katika utenzi. Katika makala ya namna hii, dai moja lililotiwa chumvi linakula imani ya madai tisa ya kweli.

Kwa hiyo unapoandika, mpe kila dai sauti yake. Uliloliona kwa macho liandike kama uliloliona. Uliloambiwa, mtaje aliyekuambia. Na maswali kama "Tutanyamaza hadi lini?" yasizidi moja katika makala nzima, kwa sababu wasomaji wetu wameyasikia kutoka kwa kila mwanasiasa. Methali pia utumie kwa kiasi. Ukifunga aya kwa methali, mara nyingi umefunga na mawazo.

Uanzie wapi? Mimi ningeanzia kwenye kiazi. Januari 2022 mikahawa ya KFC nchini iliishiwa chipsi, na kampuni ikaeleza kwamba viazi vyake huagizwa kutoka ng'ambo na shehena imechelewa. Hasira iliyofuata ilikuwa ya aina yake. Hakuna aliyelalamikia uchafu au unene. Watu waliuliza inakuwaje nchi ambayo kiazi ndicho zao lake la pili la chakula baada ya mahindi, yenye Nyandarua na Meru, isiuzie viazi mkahawa ulio Nairobi. Kampuni ikajibu kwamba wasambazaji sharti wapite ukaguzi wake wa ubora. Kwa siku chache tu jiji zima lilitoka kwenye sahani likaenda shambani, bila kinyaa hata kidogo. Nafasi hiyo ndiyo waandishi wetu waliiachia iende mapema mno.

Kiazi kinakuruhusu kuwaona wote. Nenda soko la Marikiti alfajiri, magunia ya viazi aina ya shangi yanaposhushwa, uone kama ni ya kilo 50 jinsi kanuni za viazi za mwaka 2019 zinavyotaka au bado ni lumbesi, yaani yaliyojazwa kupita kiasi. Muulize mkulima au dalali bei ya shambani. Kisha kifuate kiazi hicho hadi kwa anayekimenya, anayekikaanga, anayekibeba kwa bodaboda, na ndipo umfikie anayekila. Usianze na "Chipsi zinawaua Wakenya." Anza na mtu na gunia na bei, ulivyoviona wewe. Kibanda na mkahawa mkubwa vipime kwa maswali yale yale. Tafuta pia mahali ambapo mambo yanafanywa vizuri, jinsi Schlosser alivyowatolea mfano In-N-Out, mikahawa ya Marekani, wanaolipa wafanyakazi vizuri zaidi, kwa sababu msomaji anayeonyeshwa ubaya mtupu huishia kukata tamaa na kufungua ukurasa mwingine.

Kuhusu sheria: Kifungu cha 33 cha Katiba kinakupa uhuru wa kujieleza, na kifungu hicho hicho kinakutaka uheshimu sifa za wengine. Mahakama Kuu iliondoa kashfa katika makosa ya jinai mwaka 2017, lakini bado unaweza kushtakiwa kwa madai ya fidia, na kampuni ina mawakili wengi kuliko wewe. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, waandikie maswali mahususi: mikataba ya wafanyakazi ni ya miezi mingapi, mafuta hubadilishwa baada ya muda gani, viazi vinatoka wapi, mkulima analipwa shilingi ngapi kwa kilo. Wape muda wa kutosha. Wakijibu, weka jibu lao kwenye makala bila kulikata mkia. Wakikaa kimya, andika tarehe uliyowauliza na kwamba hawakujibu, na usiongeze kivumishi chochote.